Hati ya ukaazi wa kudumu ya mke aliyedhaminiwa na mumewe Kanada: tarehe ya mwisho ni ya nini hasa?

BintiMikindani (Mtwara)

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa wangu, shikamooni.

Naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limenikosesha usingizi wiki hii. Mume wangu ni raia wa Kanada mwenye asili ya huku kwetu, na alinidhamini kwa njia ya ndoa. Ombi limekubaliwa, pasipoti yangu imerudi ikiwa imebandikwa viza, na pamoja nayo nimepewa karatasi ya uthibitisho wa ukaazi wa kudumu, ile ambayo wenyewe huiita kwa kifupi COPR. Nyumbani tulishangilia mpaka nilipokaa chini na kuisoma kwa utulivu, nikakuta kwenye kisanduku cha mwisho wa matumizi pameandikwa tarehe 14 Novemba mwaka huu. Viza nayo ina tarehe hiyohiyo. Pasipoti yangu ni hii mpya ya kielektroniki na bado ina miaka mingi mbele, kwa hiyo sielewi tarehe hiyo wameitoa wapi.

Ninachouliza ni hiki: ukaazi ulioitwa wa kudumu unawezaje kufikia kikomo Novemba? Na je, tarehe hiyo inaweza kusogezwa mpaka Januari? Nauli yangu inategemea korosho za shamba letu la Nanyamba, minada huanza Oktoba na malipo ya wakulima huwa hayaji siku moja, na juu ya hilo mdogo wangu wa mwisho anaolewa Desemba. Wakala mmoja jijini Dar es Salaam amemwambia kaka yangu kwamba anaweza "kuongeza muda" wa karatasi kwa shilingi laki nne. Kabla hatujatoa fedha nimeona niulize hapa.

KaraniMstaafu (Lindi)

Marahaba, binti yangu. Laki nne hiyo ibaki nyumbani. Hakuna wakala, wakili wala mtu yeyote wa kaunta mwenye uwezo wa kuongeza muda wa karatasi hiyo, kwa sababu idara ya uhamiaji ya Kanada yenyewe haiiongezi. Viza ya ukaazi wa kudumu ikishatolewa haisogezwi mbele, na mtu asiyeitumia ndani ya muda wake anaelekezwa kuomba upya.

Sasa tuje kwenye tarehe. Umesema pasipoti ina miaka mingi. Basi nakisia kwamba vipimo vyako vya afya ulivifanya katikati ya Novemba mwaka jana. Matokeo ya vipimo kwa ajili ya uhamiaji wa Kanada yana uhai wa miezi 12, na ofisa anayetoa viza huangalia vitu viwili: vipimo vinaisha lini na pasipoti inaisha lini. Kinachotangulia kwisha ndicho kinachoweka tarehe. Kwa hiyo mtu ambaye ombi lake lilichukua miezi kumi baada ya vipimo anaweza kupewa karatasi yenye miezi miwili tu ya kusafiri, wakati jirani yake ambaye faili lake lilikwenda haraka akapewa miezi tisa. Hapo hakuna upendeleo wala adhabu, ni hesabu ya kalenda.

Na tarehe hiyo haisemi lolote kuhusu urefu wa ukaazi wako. Inasema siku ya mwisho ya kufika mlangoni kwao. Ni sawa na tiketi ya basi la alfajiri la kwenda Dar: imeandikwa siku ya kuondoka, lakini ukishashuka Mbagala hakuna atakayekuuliza tiketi yako iliisha lini. Utakapofika uwanja wa ndege wa kwanza ndani ya Kanada, ofisa atakuhoji kwa ufupi, utatia sahihi mbele yake, na yeye atajaza ile sehemu ambayo kwenye karatasi yako sasa hivi iko tupu, yaani tarehe na mahali ulipopata ukaazi. Kuanzia dakika hiyo wewe ni mkaazi wa kudumu, na ukaazi huo hauna tarehe ya kuisha. Usitie sahihi yoyote nyumbani kabla ya kufika mbele ya ofisa huyo.

MwanaMasasi (Masasi)

Mkuu KaraniMstaafu, heshima yako, lakini naomba kutofautiana nawe kidogo. Mke wa binamu yangu karatasi yake iliisha kabisa akiwa bado yuko Masasi, na baadaye waliwasiliana naye, wakampa nyingine, akasafiri. Huu ni ushahidi wa macho yangu. Kwa hiyo kusema haiwezekani kabisa naona ni kumtisha dada yetu bila sababu.

KaraniMstaafu (Lindi)

Ndugu yangu wa Masasi, sikatai ulichokiona. Naomba tu utuambie, ilikuwa mwaka gani?

MwanaMasasi (Masasi)

Ilikuwa kipindi cha Korona. Karatasi ilitoka mwanzoni mwa 2020 na alisafiri 2021.

KaraniMstaafu (Lindi)

Hapo ndipo jibu lilipo. Machi 2020 Kanada ilifunga mipaka yake, na waliokuwa na uthibitisho wa ukaazi uliotolewa baada ya tarehe 18 ya mwezi huo walizuiliwa kuingia, isipokuwa makundi machache. Watu wengi duniani karatasi ziliwaishia mikononi bila kosa lao, na serikali ile ikaweka utaratibu wa pekee wa kuwasiliana nao na kuwapa nyaraka mpya. Tarehe 21 Juni 2021 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kila mwenye uthibitisho ulio hai. Mpango ule ulikuwa wa dharura. Mtu anayechelewa leo kwa sababu ya mnada wa korosho au sherehe ya harusi hawezi kuutegemea, na wakala anayeuza matumaini kwa kutumia visa vya wakati ule anafanya biashara ya ujanja.

Kama kuna dharura ya kweli, kwa mfano ugonjwa mkubwa, mtu anaruhusiwa kuwaandikia kupitia fomu ya maulizo kwenye tovuti yao na kueleza kabla tarehe haijapita. Kuandika ni bure. Ila asijenge mipango yake juu ya jibu ambalo hajalipata, kwa sababu hata wakikubali kulitazama upya faili lake, vipimo vya afya vitakuwa vimekufa na itambidi avirudie.

BintiMikindani (Mtwara)

Mzee wangu, umekisia sawasawa. Vipimo nilivifanya Dar es Salaam katikati ya Novemba mwaka jana, kwa daktari aliyekuwa kwenye orodha yao. Nakumbuka nilisimama kifua wazi mbele ya mashine ya picha ya mapafu, mhudumu akaniambia nivute pumzi na kuishikilia, na sikuwa na habari kwamba siku ile ndiyo ilikuwa inapanga siku yangu ya kusafiri.

Ningependa kujua jambo jingine kwa faida ya wengine. Je, ningefanya vizuri kuchelewesha vipimo ili karatasi ije na muda mrefu?

KaraniMstaafu (Lindi)

Wazo hilo wengi hulipata, na kwa hesabu ya karatasi linaonekana la busara, lakini utaratibu wenyewe haukupi nafasi hiyo. Anayedhaminiwa kwa ndoa hupaswa kusubiri barua ya maelekezo ya vipimo, na barua ikishafika anatakiwa avifanye ndani ya siku 30. Akichelewa bila maelezo, faili linasimama au linakataliwa. Huwezi kwenda mapema kwa kiherehere, wala huwezi kukaa na barua ukingoja msimu.

Kinachowezekana ni kujiandaa kwa upande wetu. Sisi wa kusini hatuna daktari wa orodha hiyo huku. Hospitali ya Ligula pamoja na uzuri wake haitakusaidia kwa jambo hili, kwa sababu hawapokei vipimo vya daktari asiyeidhinishwa na wao. Lazima uende Dar es Salaam, na alama za vidole pia huchukuliwa hukohuko. Katika hizo siku 30, toa siku za kutafuta nauli, toa siku za kupata miadi, kisha kumbuka barabara yetu. Mwezi Mei 2024 baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga, na magari yakakwama. Aliyekuwa ameacha vipimo mpaka wiki ya mwisho alijikuta kwenye maji ya shingo. Kwa hiyo siku barua inapofika, siku hiyohiyo piga simu ya miadi.

Wengine pia huogopa vipimo kwa sababu ambayo haipo. Mke au mume anayedhaminiwa hakataliwi kwa hoja kwamba matibabu yake yatakuwa mzigo kwa hospitali za Kanada. Sheria yao imewatoa katika kifungu hicho. Wanachotazama kwa kundi hili ni hatari kwa afya na usalama wa umma, na ndiyo maana kifua kikuu hutazamwa kwa makini. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asikimbie.

MwalimuLiwale (Liwale)

Nashukuru kwa uzi huu. Langu ni la pasipoti. Mimi ndiye ninayedhaminiwa, mke wangu ni mkaazi wa kule. Vipimo nimevifanya mwezi uliopita, ila pasipoti yangu imebakiza miezi minane. Nisubiri waniite ndipo nibadilishe, au nibadilishe sasa?

KaraniMstaafu (Lindi)

Mwalimu, badilisha sasa. Kwa hali yako pasipoti ndiyo itakayotangulia kwisha, na kwa hiyo ndiyo itakayokata muda wa karatasi yako hata kama vipimo vina uhai zaidi. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ambayo nchi yetu ilianza kuitoa 2018 ina miaka 10, ada yake ni shilingi 150,000, na utahitaji kitambulisho chako cha NIDA pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ombi linaanzia mtandaoni kisha unakwenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa. Ukiipata, mara moja ingia kwenye akaunti ya ombi lenu au tumia fomu ya maulizo, uwatumie nakala ya ukurasa wa taarifa zako na uwaeleze kwamba namba imebadilika. Usingoje ombi la pasipoti lifike ndipo uanze kuhangaika, kwa kuwa viza itabandikwa kwenye kitabu utakachopeleka, na karatasi itasomeka kwa namba ya kitabu hicho.

Hakikisha pia majina ni yaleyale kwa mpangilio uleule kwenye pasipoti, cheti cha ndoa na fomu. Huku kwetu mtu anaweza kuandikwa Saidi Hamisi kwenye hati moja na Hamisi Saidi kwenye nyingine, na sisi hatushtuki. Ofisa aliye mbali anashtuka.

DadaNewala (Winnipeg, nyumbani Newala)

Asalaam aleykum na Bwana asifiwe, kila mmoja kwa imani yake. Nimesoma yote na mzee wetu amesema kweli, nami niongeze kwa upande wa huku kwa sababu nilipita njia hiyohiyo kwa udhamini wa mume.

Siku ya kutua ofisa aliniuliza maswali machache sana: kama nimewahi kufungwa, kama hali ya ndoa yangu imebadilika tangu niombe, kama nina watoto ambao sikuwataja, na nitaishi wapi. Aliithibitisha anwani, akatia sahihi na kunirudishia nakala yangu. Karatasi hiyo niliikunja kwenye mkoba kama risiti ya duka, na mume wangu aliponiona alinigombeza hasa. Alikuwa na haki. Ile karatasi baada ya kutua haikupeleki safari yoyote, lakini ndiyo kumbukumbu ya siku uliyopata ukaazi. Utaulizwa tarehe hiyo ukiomba uraia na hata uzeeni ukiomba pensheni. Ikipotea hawakutengenezei nyingine kama ile, wanakupa tu hati ya kuthibitisha hadhi yako, tena kwa ada na kwa kusubiri.

Kitu cha kubeba mfukoni ni kadi ya ukaazi. Hiyo haipewi uwanjani, hutumwa kwa posta kwenye anwani ya Kanada, na anwani lazima iwe mikononi mwao ndani ya siku 180 tangu utue; ukizidisha hapo utalazimika kuomba kadi kwa fomu na kulipa dola 50. Kadi kwa kawaida ina miaka mitano. Na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo tena, kwa sababu wakiona kadi imeisha wanadhani ukaazi umeisha. Kadi inaisha, hadhi inabaki. Kadi iliyoisha inakuzuia kupanda ndege kurudi huku, basi.

Binti Mikindani, kwa sababu ya harusi ya mdogo wako sikia hili. Unaweza kutua kabla ya tarehe 14 Novemba, kisha ukarudi Mtwara Desemba ukacheze ngoma. Hakuna sheria inayokulazimisha kukaa moja kwa moja tangu siku ya kwanza. Tatizo litakuwa kurejea huku, kwa kuwa viza yako ni ya kuingia mara moja na shirika la ndege litadai kadi. Kadi huchukua wiki kadhaa, na wakati mwingine zaidi. Ukiondoka kabla haijafika, itakubidi uombe hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu ukiwa huko nyumbani, nayo ina ada yake ya dola 50 na kusubiri kwake.

ShemejiKilwa (Kilwa Masoko)

Naomba niweke neno kwa wale wanaodhaminiwa kwenda Marekani, maana kila mara nasikia watu wakizichanganya nchi hizi mbili. Kule viza ya mhamiaji kwa kawaida haizidi miezi 6 tangu itolewe, nayo huweza kuwa fupi zaidi kutokana na vipimo. Ukishaingia, ile viza iliyogongwa muhuri inatumika kama uthibitisho wa ukaazi kwa mwaka mmoja wakati unasubiri kadi.

Tofauti kubwa ni hii: kama siku unayoingia ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, unapewa ukaazi wa masharti, na kadi yake ina miaka miwili tu. Ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha, wewe na mwenzi wako mnapaswa kuwasilisha ombi la kuondoa masharti. Asiyefanya hivyo anapoteza hadhi yenyewe, si kadi peke yake. Aliyeingia akiwa na ndoa iliyopita miaka miwili hupata kadi ya miaka 10. Kwa hiyo mtu wa Marekani akikwambia "kadi ikiisha umekwisha", kwake inaweza kuwa kweli, lakini usiibebe kauli hiyo ukaipeleka Kanada.

MkeWaMtu (Lindi)

Ahsanteni. Mimi nina swali ambalo wengi hawalisemi hadharani. Nilisikia kwamba hata Kanada lazima ukae na mume miaka miwili, la sivyo wanakufukuza. Rafiki yangu amevumilia mateso kwa sababu ya maneno hayo. Ni kweli?

KaraniMstaafu (Lindi)

Ilikuwa kweli na haipo tena. Sharti hilo lilianza tarehe 25 Oktoba 2012 kwa wenza waliokuwa pamoja kwa miaka miwili au pungufu na wasio na mtoto wa pamoja wakati wa kuomba. Walitakiwa waishi na mdhamini kwa miaka miwili baada ya kupata ukaazi. Malalamiko makubwa dhidi yake yalikuwa ni hayohayo unayoyasema, kwamba mwanamke anayepigwa ananyamaza kwa kuogopa kurudishwa. Lilifutwa tarehe 18 Aprili 2017, na waliokuwa chini yake wakaondolewa sharti. Leo mke aliyekwisha kutua na ambaye ndoa yake ilikuwa ya kweli hapotezi ukaazi kwa sababu ya kuachana au kukimbia kipigo. Mwambie rafiki yako hivyo, tena leo.

Kilichobaki ni ahadi ya mdhamini. Mume anayemdhamini mkewe huahidi serikali kwamba atambebea mahitaji ya msingi kwa miaka 3 tangu siku mke anapopata ukaazi, na talaka haiifuti ahadi hiyo. Mzigo ule uko mabegani mwa mdhamini, haumfungi mke. Upande wa mke kuna zuio moja tu: aliyeingia kwa udhamini wa ndoa hawezi naye kudhamini mwenza mpya mpaka miaka 5 ipite tangu apate ukaazi wake.

Ila naomba wote mnisikilize hapa, kwa sababu naona tumeizungumza sana tarehe na tumesahau kwamba karatasi inaweza kufa kabla ya tarehe yake. Kabla ya kutua, karatasi ile ni ahadi yenye masharti. Mume akiondoa udhamini, ndoa ikivunjika, mtoto akizaliwa, au mtoto anayeandamana na mama yake akioa au kuolewa, hali uliyoombea imebadilika na unatakiwa kuwaarifu kabla ya kupanda ndege. Mwanamke aliyepata mtoto baada ya viza kutoka, akatua bila kumtaja kwa sababu tarehe ilikuwa inambana, amejiwekea mlima: mtoto ambaye hakutajwa wala kufanyiwa vipimo wakati wa ukaazi wa mzazi kwa kawaida hawezi kudhaminiwa na mzazi huyo baadaye chini ya kundi la familia. Na anayeficha kwa makusudi akigundulika kuwa amedanganya anaweza kuzuiwa miaka mitano. Huku kwetu mtoto wa nje au mtoto aliyelelewa na bibi Nachingwea mara nyingi haandikwi popote, watu wanaona ni mambo ya ndani ya ukoo. Kwenye fomu hizo, mtoto wako ni mtoto wako, aende asiende.

MwanaMasasi (Masasi)

Mkuu, sasa nimekuelewa, na kuhusu Korona nakubaliana nawe. Niulize la mwisho: akitua kisha akarudi nyumbani kumuuguza mama yake kwa muda mrefu, ukaazi unadumu kwa kiasi gani?

KaraniMstaafu (Lindi)

Kipimo ni siku 730 za kuwepo Kanada katika kila kipindi cha miaka mitano. Hazihitaji kufuatana. Kwa mtu mpya ambaye miaka mitano haijatimia, ofisa hutazama kama siku zilizosalia bado zinamtosha kufikisha 730, kwa hiyo aliyetua Oktoba na kurudi kwao kwa mwaka mmoja na nusu bado yuko salama kwa hesabu. Pia siku ambazo mkaazi anaishi nje ya Kanada akiwa ameandamana na mwenza wake ambaye ni raia wa Kanada huhesabiwa kana kwamba alikuwa ndani, ingawa maofisa na mabaraza ya rufaa huuliza nani alimfuata nani, na mume anayeishi Edmonton huku mke yuko Mikindani hawaandamani.

Na hata siku zikipungua, ukaazi haufi wenyewe usiku wa manane. Lazima ofisa aamue, na mhusika ana haki ya kukata rufaa akieleza sababu zake za kibinadamu. Ugonjwa wa mzazi ni miongoni mwa sababu zinazosikilizwa, kama una vyeti vya hospitali vya kuonyesha. Vitunzeni vyeti hivyo.

Uraia ni habari nyingine, unahitaji siku 1,095 ndani ya miaka mitano, na Mtanzania mtu mzima anayeuchukua afahamu kwamba sheria yetu haimruhusu kubaki na uraia wa nchi mbili. Ukaazi wa kudumu haukugusi huko. Unabaki Mtanzania mwenye pasipoti yako.

BintiMikindani (Mtwara)

Mzee wangu, dada wa Newala, na wote mliochangia, nimewaelewa. Nimezungumza na mume wangu jana usiku. Amekubali kutanguliza nauli, na korosho zikiuzwa kaka atamrudishia sehemu. Wakala tumemwambia ahsante. Kuhusu harusi, mama amesema nisije nikang'ang'ania Desemba nikabaki huku bila kadi. Kama itakuwa imefika nitakuja, kama haijafika nitawapigia simu ya video siku ya kumtoa bibi harusi.

Swali dogo lililobaki: ndege ya bei nafuu niliyoiona inaondoka Dar es Salaam tarehe 13 Novemba usiku kupitia Addis Ababa. Kwa kuwa naondoka kabla ya tarehe 14, ni sawa?

DadaNewala (Winnipeg, nyumbani Newala)

Hapana, mdogo wangu! Wanahesabu siku unayosimama mbele ya ofisa wa Kanada, hawahesabu siku uliyoondoka Dar. Ndege ikichelewa Addis, ukalala hotelini usiku mmoja, utafika karatasi ikiwa imekwisha, na huenda shirika la ndege likakushusha kabla ya hapo. Tena fahamu kwamba utakaguliwa kwenye uwanja wa kwanza wa Kanada utakaogusa, kwa hiyo kama unashukia Toronto kisha unaunganisha kwenda Edmonton, mambo ya kutua yanamalizikia Toronto. Acha saa za kutosha kati ya ndege hizo mbili. Pasipoti na karatasi viwe mkononi, si kwenye begi la chini.

KaraniMstaafu (Lindi)

Naunga mkono. Tafuta ndege ya katikati ya Oktoba. Na orodha ya vyombo utakavyotumiwa baadaye iandike mapema, uikabidhi kwa forodha siku hiyohiyo ya kutua, kwa sababu mali ya mhamiaji mpya isiyoorodheshwa siku ya kwanza huenda ikatozwa ushuru itakapofuata.

BintiMikindani (Mtwara)

Nimeipata ya tarehe 16 Oktoba. Kesho kaka anakwenda kulipia.